Watu Wanne Mlangoni kwa Bi Siwema

Hapo zamani, miaka ile ofisi zilipokuwa bado zinaandikiana barua na kugonga mihuri ya wino wa zambarau, kulikuwa na bonde liitwalo Kwemzinga. Juu ya bonde palikuwa na ukuta wa udongo uliozuia mto Mbalawe, na nyuma ya ukuta kulikuwa na bwawa. Chini ya ukuta walikaa watu. Nyumba ya kwanza, ukishuka kutoka bwawani, ilikuwa ya Bwana Omari Kaniki, mkewe Bi Siwema binti Shekiondo, na watoto wao wawili, Mbaruku na Zaina. Nawataja wote kwa majina kwa sababu watatu kati yao hawapo tena.

Begani mwa ukuta palikuwa na kibanda, na ndani yake aliishi mtu mmoja. Jina lake Yonazi Shemhina. Wengi humwita Yohana. Si Yohana, ni Yonazi. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo.

Mjue kwamba kila ukuta wa udongo huvuja kidogo. Hilo si kosa, ndivyo kuta za udongo zilivyo. Maji yaliyovuja yalikusanywa katika mfereji mdogo mguuni mwa ukuta, yakapita kwenye bati lililokatwa pembe tatu, na kando ya bati palikuwa na rula ya chuma. Kila siku saa moja asubuhi Yonazi alishuka, akasoma rula, akapanda, akaandika katika fomu: tarehe, saa, kina cha maji, mvua, sahihi. Kila Jumatatu tarishi alifika kwa baiskeli, akachukua fomu ya wiki, akaacha sukari na mafuta ya taa, akaondoka kabla jasho halijamkauka. Kanuni ilisema msoma kipimo asiache kituo chake. Yonazi hakukiacha kwa miaka kumi na tisa. Mkewe alifariki mwaka wa pili. Tangu hapo hakuwa na wa kuzungumza naye, isipokuwa kwamba asubuhi, akishuka kwenye rula, aliona moshi wa jiko la Bi Siwema ukipanda.

Fomu ile ilikuwa na pambizo pana jeupe, upande wa kulia, nje ya mistari. Mwaka wa tatu Yonazi alianza kuandika humo kwa penseli. Aliandika: "Leo ukungu tangu alfajiri." Akaandika: "Kuku wangu mweusi amekufa." Akaandika: "Nyani wamekaa ukutani kama wajumbe wa kikao, ajenda siijui." Na siku moja akaandika: "Leo ni siku ya arobaini na moja sijasema na mtu, tarishi simhesabu."

Fomu zilishuka hadi mji wa wilaya, katika ofisi iliyosimamia mabwawa. Huko alikuwepo mpiga taipu, Bi Marjani binti Sefu Mwinyikombo, mwanamke wa pwani, aliyeletwa bara na kazi na kusahauliwa huko. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Barua hakuwa akipata. Waliokuwa wakimwandikia walikuwa wamekufa. Kazi yake ilikuwa kunakili fomu za Yonazi katika jedwali safi. Mwanzoni alinakili kila alichokikuta, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na kwa hiyo siku moja jedwali lilifika mezani kwa mkubwa wake likiwa na habari ya kuku mweusi.

Mkubwa wake alikuwa Injinia Gervas Ndimbo. Alimwita, akamsomea mstari ule kwa sauti ya taratibu, kisha akauliza, "Bi Marjani, hili nikilipeleka makao makuu, wao wafanye nini? Watume rambirambi?"

Ofisi nzima ikacheka, na Bi Marjani naye akacheka kidogo, maana angefanyaje. Siku hiyo hiyo ikatoka amri ya maandishi: kilicho nje ya mistari kisipigwe taipu.

Bi Marjani alitii. Ili asije akajisahau, alichukua mkasi akawa anakata pambizo kwanza, kisha ndipo anapiga taipu. Lakini vile vipande hakuvitupa. Alikwenda navyo nyumbani katika mkoba, na jioni, akisubiri maji yachemke, alivisoma. Akavitia katika kopo la biskuti. Hakuwahi kumwona Yonazi Shemhina, wala Yonazi hakujua kwamba duniani kuna mtu aitwaye Marjani. Hata hivyo kwa miaka kumi na mitano alimwandikia kila siku, naye alisoma kila wiki.

Haya. Masika ya mwaka ninaousema yalikuwa ya kawaida. Asubuhi moja Yonazi alishuka kwenye rula akakuta maji yanayovuja hayako meupe kama siku zote. Akasoma kina: inchi tatu, kama jana. Mstari mwekundu wa hatari ulikuwa kwenye inchi tano. Akapanda, akaandika inchi tatu. Akatafuta mahali pa kuandika rangi. Fomu haikuwa na mahali pa rangi. Akaandika katika pambizo: "Maji ya kipimo leo yana rangi ya chai ya maziwa."

Wiki ya pili akaandika hivyo hivyo. Wiki ya tatu akaandika: "Bado rangi ya chai. Nina wasiwasi. Tafadhali mtu aje."

Kwa hiyo Yonazi alisoma kipimo, akaandika, na hakuna kanuni aliyoivunja.

Bi Marjani alikata pambizo kwa mkasi. Jioni alisoma habari ya chai ya maziwa, akaona imesemwa vizuri, akaweka chai yake mezani akaitazama. Wiki ya tatu alisoma "Tafadhali mtu aje." Akadhani ni upweke ule ule aliouzoea kuusoma. Hata yeye angependa mtu aje. Akakitia kipande katika kopo. Asubuhi akapiga taipu tatu, tatu, tatu, na hakuna kanuni aliyoivunja.

Injinia Ndimbo aliletewa jedwali safi, tatu, tatu, tatu, chini ya mstari mwekundu. Kanuni ilimtaka aende bwawani ikiwa namba imevuka mstari. Namba haikuvuka. Akatia sahihi, na hakuna kanuni aliyoivunja.

Yonazi, alipoona hakuna jibu, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sukari yake ilifungwa katika ukurasa wa gazeti liitwalo Kengele, na katika ukurasa huo palikuwa na habari ndefu ya daraja lililoanguka, imeeleza mpaka kipimo cha misumari. Mwandishi wake alikuwa Lameki Nyakarungu. Yonazi akamwandikia barua kwa penseli: maji yangu yamebadilika rangi, ofisini nimeandika wiki tatu, sijajibiwa, wewe unajua kuuliza, tafadhali niulizie.

Lameki alipata barua ile. Hakuidharau. Lakini katika Kengele walikuwa na utaratibu, na ulikuwa mzuri: hakuna kuchapa neno la mtu mmoja mpaka apatikane wa pili. Akaandika ofisini kwa Injinia Ndimbo kuuliza. Injinia akatazama majedwali, akajibu kwa uaminifu kabisa: "Hakuna taarifa ya namna hiyo katika majedwali yetu." Muhuri wa zambarau ukagongwa chini. Lameki akaziweka barua mbili pamoja, ya penseli na ya muhuri, akaamini ya muhuri. Kutoka gazetini hadi Kwemzinga ulikuwa mwendo wa siku moja. Akatia zote mbili katika mtoto wa meza, na hakuna kanuni aliyoivunja.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Yonazi aliona kizingia kidogo cha maji karibu na ukuta, kama kile cha beseni linalomwagwa kupitia tundu. Kisha katikati ya ukuta pakatitia. Alipiga kelele. Nyumba ya Bwana Omari ilikuwa chini pale, mwendo wa robo saa, na sauti yake haikufika.

Walikufa watu thelathini na saba. Bi Siwema alikuwa mashineni, ng'ambo ya kilima, anasubiri zamu yake ya kusaga. Aliporudi na unga, hapakuwa na mahali pa kuuweka.

Tume ilikuja, ikakaa wiki mbili. Ikasoma majedwali: tatu, tatu, tatu. Ikamwita Yonazi. Akasema, "Mimi niliandika." Wakaagiza fomu zenyewe ziletwe, zile za mkono wake. Zikaletwa, na pembeni zimekatwa kwa mkasi, zimenyooka.

"Uliandika wapi?" wakamuuliza.

Yonazi akaonyesha kidole hewani, kandokando ya karatasi, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Bi Marjani alikuwepo chumbani, akiandika maneno ya shauri. Hakuulizwa, na hakusema. Tume ikaandika kwamba maafa yalisababishwa na uzembe wa msoma kipimo ambaye hakutoa taarifa. Yonazi akaachishwa kazi. Watu wa bonde wakaacha kumsalimu, na akipita njiani, waliokuwa wakizungumza walinyamaza mpaka apite. Yeye aliyekaa miaka kumi na tisa bila watu, sasa aliishi katikati yao, na hali ikawa ile ile.

Alikwenda kwa Bi Siwema, ambaye alikuwa amejengewa chumba kimoja upande wa juu. Akapiga hodi. Bi Siwema akamkaribisha hadi mlangoni, akamwuliza kama ni yeye mwenye kosa.

"Mama, mimi niliandika," akasema Yonazi.

"Kama uliandika, basi si wewe," akasema Bi Siwema. "Niliambiwa ni uzembe. Uzembe hauna miguu, Mzee Yonazi. Hauwezi kuja kuketi mkekani kwangu ukaniambia ni mimi. Nenda. Akipatikana wa kusema ni mimi, mwambie aje."

Akafunga mlango, bila hasira.

Huko gazetini, Lameki Nyakarungu alisoma ripoti ya tume, akafikia jina la msoma kipimo. Akafungua mtoto wa meza. Barua ya penseli ilikuwa pale pale. Kuanzia saa ile hakupata raha. Akapanda Kwemzinga, siku moja nzima, mwendo ule ule alioushindwa kwanza. Alimkuta Yonazi, akaambiwa habari ya pambizo. Akachukua bonge la udongo katika ukuta uliobomoka, akalifunga katika leso. Akashuka mji wa wilaya kumtafuta mwenye mkasi.

Bi Marjani hakumzungusha. Alimwambia aketi, akamletea chai, akaweka kopo la biskuti mezani. Lameki akasoma kwa sauti, kipande kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha "Tafadhali mtu aje," Bi Marjani akamwambia, "Hicho nakijua kwa moyo. Usinisomee."

Lameki alimwuliza kwa nini hakusema mbele ya tume. Akajibu kwamba aliona haya, wala si haya ya kukata karatasi. Aliona haya watu kujua kwamba maneno ya mtu asiyemjua ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake.

Kisha Lameki alikwenda kwa Injinia Ndimbo. Mezani palikuwa na glasi ya maji safi. Lameki akaomba ruhusa, akamegua udongo ule kidogo, akautia ndani ya glasi. Hakukoroga. Wakakaa wakitazama. Udongo ukaanza kutoa ukungu wenyewe, ukasambaa polepole, mpaka maji yote yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Injinia Ndimbo alikuwa mtu msomi na hakujitetea. Alieleza kwamba upo udongo wa aina hiyo, unaoyeyuka wenyewe ukikutana na maji matulivu. Ukuta wa udongo huo huliwa kutoka ndani. Wingi wa maji yanayovuja unaweza usibadilike kwa muda mrefu; kinachobadilika kwanza ni rangi. Kisha akasema, kama mtu anayejisomea mwenyewe, "Ningeambiwa rangi, ningefungulia bwawa siku hiyo hiyo."

"Uliambiwa," akasema Lameki. "Ulisema isipigwe taipu."

Lameki aliandika katika Kengele wiki nne mfululizo. Wiki ya kwanza aliandika juu ya msoma kipimo na fomu isiyo na mahali pa rangi. Wiki ya pili, juu ya mkasi. Wiki ya tatu, juu ya amri na glasi ya maji. Wiki ya nne alichapa barua mbili zilizokuwa katika mtoto wa meza, na jina lake mwenyewe chini yake. Nchi ikasoma. Ripoti ya tume ikafutwa, fomu zikaongezwa mahali pa rangi, na Lameki akasifiwa kila alikopita. Sifa zile zilimtia simanzi. Alizikimbia kama mtu anayedaiwa.

Bi Siwema naye alisoma, wiki zote nne. Kisha akaandika barua, akaipeleka gazetini. Ilikuwa fupi. Ilisema: "Kwanza nyote hamkuwa na kosa. Sasa nyote mna kosa. Mimi nimechoka. Nilifiwa na watu watatu, na nguvu iliyobaki kwangu inatosha kumsamehe mtu mmoja. Wawili siwezi, nimejipima. Yule ambaye ni yeye, aje Jumamosi asubuhi."

Jumamosi asubuhi walikuja wanne. Hawakuwa wamepatana. Walikutana njiani, kila mmoja akiwa na mfuko wake mdogo, wakaona aibu kama watu waliokutana kwenye mlango wa mganga. Wakasimama mbele ya chumba cha Bi Siwema. Mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa ameketi mkekani, anasikia.

Mbele ya kanuni kila mmoja alikuwa msafi. Mbele ya mlango huu kila mmoja alitaka kosa liwe lake.

Bi Marjani alitangulia kusema. "Mimi ndiye. Hawa wengine hawakulisoma lile neno. Mimi nililisoma, kwa macho yangu, nimeketi, nina chai mkononi. Nililiweka katika kopo kwa sababu nililipenda. Mtu aliomba msaada, mimi nikaona ameandika vizuri."

Injinia Ndimbo akasema hapana. "Bi Marjani, wewe ulikuwa na neno lakini hukujua maana yake. Mzee Yonazi naye aliona rangi, hakujua inasema nini. Katika wilaya nzima mtu aliyejua maana yake alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetoa amri ya kuziba njia. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kuku. Nilitaka majedwali yangu yasichekwe."

Lameki akasema, "Bwana Injinia, wewe hukuombwa. Mimi niliombwa kwa jina. Aliniandikia: wewe unajua kuuliza. Nikauliza mara moja, nikajibiwa, nikaridhika. Siku moja ya mwendo tu, na sikwenda."

Bi Marjani akamgeukia. "Wewe umeshasifiwa na nchi nzima, ndugu mwandishi. Unataka na hiki pia?"

"Nitazirudisha sifa zote," akasema Lameki, "kama kuna anayepokea."

Yonazi Shemhina alikuwa nyuma yao. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, na alianza mara mbili kabla sauti haijatoka. Aliwaambia kwamba aliandika mambo ya kuku na nyani kwa miaka mingi, hivyo siku alipoandika jambo la kweli, sauti yake ilikuwa ni ile ile ya kuku na nyani, nani angeitofautisha. Injinia akamkatiza kwa upole, akamwambia, "Mzee, wewe umeshaadhibiwa kwa niaba yetu sote. Nenda kapumzike."

"Kuadhibiwa si kusamehewa, Bwana Injinia," akasema Yonazi. Kisha akautazama mlango, akasema na aliyekuwa ndani. "Mama, siku ile nilikudanganya. Nilikuambia niliandika, na ni kweli niliandika. Lakini moshi wa jiko lako nilikuwa nauona kila asubuhi. Ilikuwa robo saa. Nilikuwa na woga wa maji yale wiki zaidi ya tatu, na sikushuka kugonga mlango. Watu husema ni kwa sababu ya kanuni. Si kanuni. Nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu mno. Sikujua nitaanzaje kupiga hodi."

Hapo Bi Siwema akasimama, akaja mpaka kizingitini. Aliwatazama mmoja mmoja, na akamwita kila mmoja kwa jina lake kamili bila kukosea: Marjani binti Sefu Mwinyikombo, Gervas Ndimbo, Lameki Nyakarungu, Yonazi Shemhina. Kisha akasema:

"Nimewasikia. Mkeka wangu ni mmoja na nguvu yangu ni ile niliyowaandikia. Mmoja aingie. Watatu warudi walikotoka, na wasirudi hapa tena. Sichagui mimi. Nilichaguliwa mara moja na maji, yatosha."

Akaingia ndani, akaketi, akasogea kidogo upande ili pawe na nafasi.

Wale wanne walisimama pale, na jua likaanza kuchoma. Kila mmoja alijua kwamba atakayeingia atatoka mtu mwingine, na watakaobaki nje watabaki na walicho nacho mpaka mwisho wa siku zao. Yuko aliyeona na hakushuka. Yuko aliyesoma na akaficha. Yuko aliyejua na akaziba. Yuko aliyeombwa na hakwenda.

Nanyi mliosikiliza mko nje ya mlango huo huo, na mama wa watu anasubiri. Msinijibu upesi. Je, kati ya hawa wanne, nani alistahili kuingia?